Nyundo, Mhuni wa Miaka Mia Ijayo

Kwenye kiwanda cha mikate, Nyundo ndiye aliyekanda unga mgumu, ule ambao mashine ikijaribu kuukanda inaanza kunguruma na kutoa harufu ya waya unaoungua. Alikuwa na mabega ya mtu anayeweza kuhamisha kabati peke yake, kovu lililoanzia juu ya jicho la kushoto likaishia karibu na sikio, na sauti nyembamba ya upole isiyolingana kabisa na mwili ule. Aliyemsikia kwenye simu alidhani anaongea na karani wa maktaba. Aliyemwona uso kwa uso alihamisha pochi kutoka mfuko wa nyuma kwenda wa mbele.

Jina hilo alilipata akiwa na miaka kumi na saba, na hakulipata kwa kupigilia misumari. Yeye na wenzake walikuwa wavunja shughuli. Pakiwa na dansi, walikwenda kulivuruga. Pakiwa na mechi, waliimaliza kabla ya refa. Walimpiga mtu kwa sababu amewatazama vibaya, na siku ambayo hakuna aliyewatazama vibaya, walipiga kwa sababu hakuna aliyewatazama. Mtaa wa pili yuko fundi saa mmoja ambaye sikio lake la kulia halisikii tangu alipopigwa kofi na Nyundo. Hilo ndilo jambo pekee maishani mwake ambalo Nyundo hakuwahi kulifanyia mzaha.

Kisha, alipofika miaka ishirini na miwili, akaacha. Aliacha ghafla, kama mtu anayevua koti kwa sababu jua limetoka. Mtaa mzima ukaanza kugombea sifa. Bibi yake, aliyemlea, alisema ni maombi yake. Askari wa kituo alisema ni ile wiki ya mahabusu. Mwalimu mkuu wa zamani alisema ni viboko vyake vya darasa la nne, vilichelewa tu kufika. Dada yake, msusi mwenye saluni pale kona, alisema ni kofi alilomzaba yeye mwenyewe mbele ya wateja. Nyundo aliwaachia wote. Kila aliyemuuliza kama ni kwa sababu yake, alimjibu, "Ndiyo, ni hilo hilo," na kila mmoja akaenda zake ameridhika.

Mambo yalikaa hivyo miaka kadhaa, mpaka alipokuja mwongozaji wa sinema.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani mikubwa na mkoba uliojaa karatasi. Alikuja kununua mkate, akamwona Nyundo kupitia dirisha la nyuma akiwa ameubeba unga begani kama mtoto aliyelala, akasahau chenji yake. Alizunguka mpaka mlango wa wafanyakazi, akamwambia bila salamu ndefu kwamba anamtaka awe mhuni.

"Nimestaafu," akasema Nyundo.

"Ni wa kuigiza. Tena wa miaka mia moja ijayo."

Nyundo alifikiri kidogo. "Miaka mia ijayo bado wapo?"

"Wameongezeka."

Akamweleza hadithi yake. Katika mji huo wa kesho, vijana wanapiga watu barabarani kwa kuchoka tu, na serikali nayo imechoka. Basi imegundua sindano. Kijana akikamatwa anachomwa, analala akiwa na miaka kumi na minane, anaamka akiwa na sabini: magoti yanalia, mgongo umepinda, ngumi haifungi. Anakaa hivyo mwaka mmoja, kisha anarudishiwa ujana wake. Wakirudi, wengi wanakuwa wapole kama kondoo, na serikali inajipongeza kwenye runinga. Mwongozaji alikuwa na swali moja tu lililomkosesha raha: mtu kama huyo amebadilika, au amechoka tu?

Nyundo alikubali kwa sababu swali lilimpendeza. Hivyo ndivyo alivyomwambia dada yake. Ukweli ni kwamba nyuma ya mwongozaji alikuwa amesimama mpiga picha, binti mrefu aliyebeba kamera nzito kwa mkono mmoja huku akila andazi kwa mkono wa pili, na aliposikia "wameongezeka" alicheka kwa mwili mzima, mpaka kamera ikacheka naye. Nyundo aliporudi kwenye meza yake alikanda unga uliokwisha kukandwa.

Sinema ilipigwa kwenye kiwanda cha magunia kilichofungwa zamani. Dada mtu akachukuliwa kwa mambo ya nywele na sura. Mumewe, fundi cherehani, mtu mwembamba mwenye adabu nyingi, akapewa kazi ya kushona makoti ya kesho kwa maturubai na vitambaa vya kung'aa. Na kwa wahuni wengine, mwongozaji alitaka vijana wa kweli. Akawachukua sita waliokuwa wakishinda pale kona karibu na saluni, wakiongozwa na kijana aliyejiita Mbabe, mwembamba kama mpini wa ufagio, mwenye sauti ya watu watatu.

Nyundo alimwonya. Alimwambia vijana wale hawaigizi, wale ndivyo walivyo, na wiki ile ile walikuwa wametoka kugombana na vijana wa ng'ambo ya reli. Mwongozaji akasema ndiyo maana anawataka. Vijana nao walikubali kwa sababu ya Nyundo. Kwao yeye alikuwa hadithi. Walimzunguka kila mapumziko wakitaka awasimulie lile pambano la uwanjani, na yeye akawaeleza jinsi hamira inavyofanya kazi. Walidhani ni fumbo. Mbabe alikaa siku nzima akitafuta maana yake.

Siku za kwanza zilikuwa za mapigano, na hapo ikagundulika kwamba mhuni mkuu hawezi kupiga. Marungu yalikuwa ya sponji ya godoro iliyopakwa rangi nyeusi, hayangeweza kumuumiza hata nzi, lakini kila Nyundo alipomgonga mtu, aliinama na kumuuliza kama yuko salama.

"Kata," akasema mwongozaji. "Nyundo, mhuni haombi radhi."

"Sponji limemwingia jichoni."

"Haombi radhi hata likimwingia jichoni."

Mwishowe mpiga picha akamshauri asimtazame mtu usoni, afikirie anapiga unga. Hilo likafaa. Alipiga kwa ufundi na utulivu mkubwa, na kwenye skrini ndogo ya kamera alionekana mkatili wa kutisha. Mpiga picha akamwambia ana uso mzuri kwa sinema. Tangu siku hiyo Nyundo akaanza kumletea mkate kila asubuhi, na kila siku wa umbo jipya: msokoto, mwezi, samaki, siku moja mkate wa umbo la kamera ambao lenzi yake ilikuwa zabibu kavu. Mpiga picha aliula kuanzia kwenye lenzi.

Kisha ikaja wiki ya uzee, na hapo ndipo dada mtu alipong'ara. Alikuwa na mbinu yake: anavuta ngozi ya uso, anapaka gundi ya kope, anabandika karatasi laini ya tishu, anaacha ikauke, anaachia. Uso unajikunja kama shati lililolaliwa. Nywele alizipaka unga wa ngano kutoka kwa mdogo wake. Matokeo yalikuwa ya ajabu. Mbabe alijitazama kwenye kioo akageuka huku na huku, halafu akauliza kama anaweza kwenda nyumbani hivyo hivyo. Akaenda. Alirudi akiwa amechangamka kupita kiasi: wasichana wawili ambao hawakuwahi kumjibu salamu walikuwa wamempigia magoti na kumwamkia, na mwenye duka alimpa kiti na maji ya kunywa. Kesho yake wote sita walitaka kwenda kula nyumbani na uzee wao usoni.

Sharti la dada mtu lilikuwa moja: wasicheke. Ukicheka, karatasi inapasuka, uzee unabanduka, na yeye anaanza upya.

Siku ya tatu ya uzee, mchana, walikuwa wamekaa kwenye benchi refu nje ya kiwanda wakisubiri gundi ikauke, wale sita na Nyundo, kila mmoja na mkongojo wake. Ndipo walipotokea vijana wa ng'ambo ya reli. Hawakuja kwa sinema. Walikuwa kundi zima, na walichoshika hakikuwa sponji. Kulikuwa na nondo, mipini ya majembe, na kijana mmoja wa nyuma kabisa alikuwa na mnyororo wa baiskeli. Nyundo alisema baadaye kwamba ule mlio wa mnyororo aliutambua kabla hajauona.

Kiongozi wao akasimama mbele ya benchi. Akatazama wazee saba. Akaficha nondo nyuma ya mgongo wake.

"Shikamooni, wazee."

Kisha Mbabe, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzika marafiki zake wote, akajibu, "Marahaba, wajukuu. Mnatoka mbali?"

Kiongozi akasema wanamtafuta mtu anayeitwa Mbabe.

"Mbabe," akarudia Mbabe, akikuna kidevu kwa uangalifu ili kisibanduke. "Yule kijana mrefu, mzuri wa sura?"

"Mfupi, mzee. Mwoga mwoga hivi."

Nyundo akamkanyaga Mbabe kwenye kidole. Uzee wote ulikuwa ukitetemeka kwenye lile benchi, na mtu asiyejua angefikiri ni maradhi. Mbabe akameza mate, akameza na tusi, akasema kweli, huyo kijana ni mwoga sana, aibu ya mtaa, amekimbilia kwa mjomba wake huko bondeni, wakifuata barabara ya kiwanda cha sabuni watampata kabla ya jua kuzama. Kundi likashukuru, likapewa baraka, likaondoka kwa adabu kuelekea kiwanda cha sabuni.

Aliyebaki nyuma ni yule wa mnyororo. Alikuwa mdogo kuliko wote, ndevu bado. Aliangalia wenzake walivyokwenda, halafu akachuchumaa mbele ya Mbabe.

"Babu, niombee," akasema. "Mimi mambo haya hata siyapendi. Nafuata kundi tu. Nikikaa nyumbani watanicheka."

Mbabe alimtazama Nyundo, na Nyundo akatazama mkongojo wake. Mwishowe Mbabe akaweka mkono kichwani mwa yule kijana, kwa kuwa ndivyo alivyoona bibi zake wakifanya, akamwambia arudi nyumbani, wanaomcheka watachoka. Kijana akauacha mnyororo pale chini, akaamkia tena, akaondoka kwa upande mwingine.

Alipopotea kwenye kona, benchi zima likaanguka. Walicheka mpaka wakalala chini, mikunjo ikapeperuka kama maganda ya kitunguu, unga ukawatoka vichwani kwa mawingu. Dada mtu akatoka nje akakuta kazi ya asubuhi nzima imemwagika kwenye vumbi, na kabla hajaelezwa chochote alikwisha kuwapiga wawili kwa brashi. Kamera ilikuwa imezimwa. Mpiga picha hakujisamehe kwa hilo, na kila aliposimuliwa tena alijipiga kwenye paji la uso.

Mbabe alicheka na wenzake, lakini jioni, wakati wa kunawa gundi, alimwambia Nyundo, "Yule dogo wa mnyororo, mimi nilikuwa nimeshapanga kumvunja mkono. Kwenye mechi yetu na wao Jumapili. Nilikuwa nimemchagua kwa sababu ni mdogo."

Nyundo akampa taulo.

Ikabaki sehemu ya mwisho. Katika karatasi za mwongozaji, mhuni mkuu amerudishiwa ujana. Anavamia nyumba ya jirani aliyemripoti serikalini, anainua rungu, kisha analiangusha na kutoa hotuba ya kurasa mbili kuhusu wema. Nyundo alikuwa akiikariri hotuba hiyo kwenye kiwanda cha mikate wiki nzima. Wafanyakazi wenzake wote walikuwa wameijua. Yeye hakuijua.

Siku yenyewe, mwigizaji wa kuwa jirani aliumwa homa. Mwongozaji akaangaza macho kiwandani, akamwona shemeji, yule fundi cherehani, akikaza vifungo. Urefu ulifaa. Akawekwa kwenye kiti, taa zikawashwa, mpiga picha akainua kamera.

Nyundo akavunja mlango wa mbao laini, akaingia, akainua rungu. Uso wake ulikuwa ule wa zamani kabisa, hakufikiria unga.

Shemeji akatoa kwikwi.

Haikuwa kwenye karatasi. Akajaribu kuizuia, ikatoka kubwa zaidi, mpaka kiti kikaruka. Nyundo akaendelea kushikilia rungu juu. Kwikwi ya tatu ikaja. Mdomo wa Nyundo ukaanza kucheza upande mmoja, mkono ukalegea, na mhuni wa miaka mia ijayo akakaa sakafuni akicheka kwa ile sauti yake nyembamba hadi machozi yakamtoka. Shemeji naye akacheka katikati ya kwikwi, na dada mtu, aliyekuwa akitazama kutoka pembeni, akashikilia ukuta.

Mwongozaji akasema kata, halafu akataka maelezo.

Basi ikatoka hadithi ambayo hakuna mtaani aliyekuwa akiijua isipokuwa hao watatu. Zamani, Nyundo na wenzake walipeleka kitambaa kwa fundi huyu huyu awashonee suruali za kufanana. Ya Nyundo ilitoka mguu mmoja mfupi. Nyundo akaenda kumvunja. Alimwinua fundi kwa kola, akavuta ngumi nyuma, na fundi kwa hofu akashikwa na kwikwi. Nyundo akaona si vizuri kumpiga mtu katikati ya kwikwi, akasubiri imalizike. Haikuisha. Kila alipovuta ngumi, ilikuja nyingine. Walisimama hivyo mpaka mkono ukachoka, na kitu kikamtekenya Nyundo tumboni ambacho hakuwahi kukisikia wakati wa kupigana. Mwishowe akamshusha, akamshika mkono, akampeleka saluni kwa dada yake akapewe maji. Dada akampa maji, akamsugua mgongo, na mwaka uliofuata wakaoana.

"Kwa hiyo kicheko ndicho kilichokubadilisha," akasema mwongozaji. Miwani yake ilikuwa imepanda ukungu.

"Hapana. Kicheko kilinichelewesha tu siku ile. Kesho yake mtu alinikanyaga kwenye foleni, mkono ukapanda wenyewe. Nikaurudisha. Keshokutwa tena. Mpaka leo kuna siku naurudisha." Nyundo akajifuta macho. "Na yule fundi saa nilikuwa nimeshampiga. Kwake hakuna aliyecheka."

Mwongozaji alizitazama zile kurasa mbili, akazikunja, akafutia miwani. Akasema shida ni moja: mtu akijizuia ndani kwa ndani, kamera haioni. Mpiga picha akasema kamera inaona kila kitu ukiiweka mahali pake, na akalala sakafuni na kamera yake. Wakabishana, wakakubaliana, wakarudia. Safari hii hapakuwa na hotuba. Ulionekana mkono tu, mkono wa kijana, wenye nguvu zote, ukiwa juu. Ulikaa pale. Ulitaka kushuka, ungeweza kushuka, hakuna sindano iliyouzuia. Kisha ukarudi taratibu kando ya mwili wake, na yule jirani akatoa kwikwi ndogo, ya kweli kabisa, ambayo mwongozaji aliiacha humo humo.

Kabla ya sinema kuonyeshwa, Nyundo alikwenda na tiketi kwa fundi saa wa mtaa wa pili. Fundi saa alimsikiliza akiwa amemgeuzia sikio la kushoto, kisha akasema hataki kumwona hata ukutani. Nyundo akasema anaelewa, akaiweka tiketi mfukoni, akaondoka. Hakuenda tena kumsumbua.

Ilionyeshwa kwenye ukumbi wa shule, viti vya plastiki, shuka jeupe, watazamaji wamejaa mpaka madirishani. Bibi yake Nyundo aliongea na sinema tangu mwanzo hadi mwisho, akiwaonya watu waliokuwa ukutani nani yuko nyuma yao. Mkono ulipoinuka, ukumbi wote ulinyamaza, hata bibi. Uliporudi chini, kwikwi ikasikika, na watu walicheka na kulia kwa pamoja bila kujua waanze na kipi. Ilibidi sehemu ile irudiwe mara mbili.

Wale sita hawakugeuka malaika. Wawili walirudi kona, na mmoja wao alilala mahabusu kabla ya mwezi kuisha. Wengine waliendelea na mambo yao. Mbabe aliachana na kona akawa anaitwa kuigiza wazee kwenye tamthilia, maana sauti ile ilikuwa imemkaa, na mechi ya Jumapili na vijana wa ng'ambo ya reli ilichezwa mpaka dakika ya mwisho, wakafungwa.

Mpiga picha naye alimngoja Nyundo aseme neno, na Nyundo akaendelea kuleta mikate. Ulipita msimu mzima. Mwishowe, asubuhi moja kabla jua halijachomoza, yule binti alikuja mwenyewe kiwandani, akasimama mlangoni pa tanuri na koti lake la mvua, akasema mama yake ameanza kuuliza kama ameposwa na mtu au na duka la mikate.

"Umemjibuje?" akauliza Nyundo, mikono imezama kwenye unga hadi viwiko.

"Nimesema nitakuja kuuliza."

Nyundo akatikisa kichwa kukubali, akakitikisa tena, akakitikisa mpaka kofia ya kazi ikaangukia kwenye unga, na yule binti akacheka kwa mwili mzima, na wafanyakazi wote wakaacha trei zao wakaja kuona kuna nini. Hakuna aliyekumbuka chumvi. Siku ile mtaa mzima ulikula mkate chapwa, na kila mteja aliyerudi kulalamika alimkuta mkandaji mwenyewe mlangoni, amejaa unga hadi kwenye kovu, akimshika mkono na kumwambia anaoa.